Ila Iliyokatikia Simuni

Kijitabu kilikuja pamoja na tiketi ya ndege, ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Jaladani palikuwa na picha ya askari mzungu, mrefu kama nguzo ya simu, ameinama kumwelekeza njia mama mmoja mwenye kofia. Kiliandikwa Kiingereza, na kwa Kiswahili kichwa chake kingesomeka hivi: Usalama wako mjini Kopenhagen, mashauri kwa watalii.

"Mtalii nani?" mke wangu aliuliza. "Mimi naenda kujifunza kuwatunza watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao."

"Kule utakuwa mtalii," nikamwambia. "Mtalii ni mtu yeyote asiyejua choo kiko upande gani."

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Shinyanga mjini, karibu na reli, pamoja na watoto wetu wawili. Yeye alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Mimi nilikuwa mpaka grisi wa mashine kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, na nilikuwa nimetoka tu kumaliza shule ya jioni, ile ya watu wazima, ambako tulikalia madawati ya watoto magoti yakitugusa videvu. Kiingereza nilikifaulu. Sitaki kujisifu, lakini kati ya Tabora na ziwa hapakuwa na mtu wa kunisogelea. Nadhani hata wenye lugha wangeniomba nipunguze mwendo. Kwa hiyo hospitali ilimchagua mke wangu kwenda kusoma miezi tisa, na mimi nikajichagua kuwa msomaji wa kijitabu.

Kilikuwa chembamba, lakini kilinitia hofu kuliko fisi wote wa Usukuma wakikutana mkutano mkuu. Kilisema stesheni kuna wezi wa mifukoni wenye vidole laini. Kilisema usikubali mtu usiyemjua akubebee sanduku. Pesa usiziweke mahali pamoja. Anuani ya unapolala iandike, ukae nayo mwilini. Usikanyage barafu inayong'aa. Kanyaga ile yenye mchanga. Usisimame kwenye njia ya baiskeli, kwa kuwa baiskeli za kule ni nyingi na huja kimya. Na barabara usiivuke mpaka utazame kushoto kwanza, maana magari ya kule hupita mkono wa kulia.

Hilo la mwisho nililipa uzito. Jumapili moja nikampeleka barabarani, karibu na soko, nikamwambia leo hapa ni Kopenhagen. Akatazama kushoto, nami nikatazama kushoto, tukaingia barabarani kifua mbele. Siku nzima lilikuwa limepita gari moja tu, Landrova ya misheni, na lilipita wakati ule, likitokea kulia. Tuliponea chupuchupu. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Nyie! Mnatafuta kufa?"

"Tunajifunza kutokufa!" nikamjibu.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, kwa gauni lake la kanisani. Kicheko kile nilikuja kukikumbuka baadaye nikiwa peke yangu, mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa kwenye ukurasa wa dharura. Pale kijitabu kilikuwa kikali. Ukipatwa na jambo, kilisema, piga namba fulani, fupi sana, na mtu akipokea usianze na maneno mengine yoyote. Taja tatizo. Taja mahali ulipo. Taja jina. Usikate simu. Tukawa tunafanya mazoezi jioni baada ya kula. Nilichukua kandambili, nikampa yeye moja, moja nikaishika mimi sikioni.

"Haloo, dharura hapa!"

"Shikamoo," akasema mke wangu kwenye kandambili.

"Umeshaungua. Rudia. Haloo, dharura hapa!"

"Habari za kazi?"

"Umeungua tena, wewe na jirani yako."

"Sasa baba watoto, mtu sijamsalimia nimwambie moto? Si ataniona sina adabu?"

"Ndiyo kazi yake! Analipwa kwa kuambiwa moto!"

"Na akiniuliza u hali gani?"

"Sema moto!"

"Mtu anakuuliza hali, unamjibu moto." Akaitua kandambili magotini. "Mama akisikia atasema alinizaa porini."

Hakuwa anatania tu. Kwetu, mtu akikuuliza hali unajibu nzuri. Kwa Kisukuma tunasema mhola, yaani salama, na mhola haina uhusiano wowote na jinsi ulivyo. Hata ukiwa umetembea usiku kucha kuleta habari ya msiba, utafika, utasalimia, utaulizwa habari za huko, na utajibu nzuri. Kisha utavuta pumzi. "Ila mzee hatunaye." Nzuri ndiyo kubisha hodi, na ila ndiyo kuingia ndani. Sijapata kuona mtu wa Shinyanga aliyeanza na ila. Kijitabu kilitaka mke wangu aingie kwa kutoboa paa.

Tulifanya mazoezi mpaka akaweza. Kandambili ikilia, yaani nikilia mimi, alikuwa anasema "Moto!" papo hapo, kwa sauti kubwa hivi kwamba mwenye nyumba alitoka na ndoo ya maji.

Akaenda. Watoto tuliwapeleka kwa bibi yao, mama wa mke wangu, kwenye kijiji kimoja upande wa Bugarama, njia ya kuelekea Geita, kwa sababu zamu zangu za jineri hazikuniachia nafasi ya kumpikia mtu uji. Mke wangu nilimsindikiza stesheni. Alikuwa na sanduku moja la bati, na ndani ya gauni mfuko nilioushona mwenyewe kwa uzi wa magunia ya pamba, uzi ambao mwizi wa Kopenhagen angehitaji shoka. Treni ilipoondoka nilikuwa bado namkumbusha habari ya barafu yenye mchanga. Nilikimbia sambamba na behewa mpaka jukwaa likaisha, na jukwaa la Shinyanga si refu.

Nyumba niliyorudia ilikuwa ile ile, vyumba viwili, ila siku hiyo niliweza kusikia jinsi bati linavyojinyoosha jua likizama. Sikujua kama bati hufanya hivyo. Nilipika ugali nikajikuta nimepika wa watu wanne. Nikaula siku mbili. Nilihamisha kiti chake nikakirudisha. Mazungumzo yangu yakawa ni mimi na kijitabu: mimi nasoma kwa sauti, askari wa jaladani ananisikiliza akiwa ameinama.

Nikawa pia mshauri wa usafiri, bila kuteuliwa. Watu walijua nina kitabu cha safari, wakawa wanapita. Bwana mmoja wa kununua mpunga alikuwa anakwenda Kahama, nikamwonya juu ya barafu inayong'aa. Mwingine alikuwa anampeleka ng'ombe mnadani Mhunze, nikamwambia kwa vyovyote vile anuani ya anapolala aiandike akae nayo mwilini. "Mimi nalala na ng'ombe," akasema. Nikamwambia basi amwandike ng'ombe. Tulicheka sana, na walipoondoka nyumba ikawa kimya zaidi kuliko kabla hawajaja. Ningewashauri mpaka asubuhi kama wangekaa.

Barua za mke wangu zilichukua majuma kufika, na zote zilisema salama. Salama, baridi kali. Salama, kazi nyingi. Salama, watoto wa huku wakizaliwa wadogo huwekwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto. Nilizisoma nikitafuta ila, sikuiona, nikajiambia basi hakuna. Katika barua ya mwezi wa tatu akataja siku ambayo angekaa karibu na simu ya bweni lao, tukiweza kumpigia.

Simu ya nje wakati ule haikuwa jambo la kuinua kitu ukazungumza. Unakwenda posta, unaandikisha, unasubiri siku yako. Opereta wa Shinyanga anamwomba mwenzake wa Mwanza, wa Mwanza anamwomba wa Dar es Salaam, wa Dar anawaomba wazungu, na katikati hapo kila mmoja ana la kusema. Ukipata, unapewa dakika tatu, na dakika hizo ni ghali kama ndama. Opereta wetu alikuwa kijana wa mjini, Mwislamu, babu yake alifika Shinyanga na biashara kutoka pwani akasahau kurudi. Tulitaniana tangu shule ya jioni. Alikuwa anakaa dawati la nyuma yangu.

"Profesa," akasema, "umeandikisha dakika tatu. Nyie Wasukuma dakika tatu zinawatosha kusalimiana mguu mmoja."

"Wewe unganisha waya. Salamu niachie mimi."

Kosa langu lilikuwa kumpelekea taarifa mama mkwe. Lakini ningefanyaje nisimpelekee? Mwanawe azungumze kutoka upande wa pili wa dunia, na yeye asikie kwa watu? Akaja kutoka Bugarama, nusu ya njia juu ya lori la mkaa na nusu kwa basi, watoto akiwa amewaacha kwa dada yake. Alikuwa mama mrefu mwenye sauti, akiwauzia togwa vijana waliokuwa wameanza kuchimba dhahabu upande ule, na sauti hiyo aliizoeza kwa kuwaita waliomo ndani ya maduara, mashimo yao yale marefu.

Sasa, kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Huli naye, humpiti mlangoni, humtazami usoni, na ukikutana naye njiani unaingia majanini umpishe. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyokaa mbali. Mimi mama mkwe wangu nilimheshimu sana, kiasi cha mita kumi. Na simu ya posta ilikuwa ndani ya kibanda cha mbao chenye kioo, cha kuingia mtu mmoja, na hata huyo mmoja awe hajala.

Opereta akapaza sauti: "Kopenhagen hiyo! Ingieni!"

Nani aingie kwanza? Jibu lilikuwa moja. Nikasogea pembeni mpaka ukutani, mama mkwe akaingia, mlango ukafungwa. Haukusaidia kitu, kwa kuwa posta nzima ilimsikia akimwamkia mwanawe kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone! Mhola? Na huko mhola? Umelalaje? Na wenyeji wako wamelalaje? Mhola! Na mvua? Na mifugo ya huko? Hawana mifugo? Maskini! Watoto wako mhola, mkubwa jino limetoka. Baba yako mdogo mhola. Shangazi mhola, ila mguu. Jirani wa ng'ambo mhola. Mbuzi yule mweusi mhola, kazaa…"

Mimi nilikuwa ukutani nikitazama saa ya posta. Opereta alinyoosha vidole viwili, kisha kimoja. Nifanye nini? Nigonge kioo? Nimwambie mama mkwe wangu akatize salamu? Afadhali ningechoma moto posta. Nilikohoa. Nilikohoa tena, kikohozi cha mtu wa kupelekwa wodini. Mama mkwe akanisikia, akaiweka simu juu ya kibao kwa uangalifu, akatoka akijitanda khanga. Ilinibidi ningoje afike mbali kwanza, maana mlangoni tusingepishana. Alitembea taratibu. Alikuwa na furaha. Ndipo nikaruka ndani.

"Mama watoto!"

"Baba watoto! Habari za nyumbani?"

"Nzuri! Za huko?"

"Nzuri, mhola duhu, salama tu," akasema. Akavuta pumzi; niliisikia pumzi ile kutoka Kopenhagen kama nimeshika shati lake. "Ila…"

Kikalia kitu kama panzi. Kisha hapakuwa na kitu.

"Muda, Profesa," opereta akasema kutoka mezani kwake, na uso wake haukuwa na utani.

Nilitoka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, mgongo kanigeuzia ipasavyo. Akauliza bila kugeuka: "Kasemaje, baba?"

"Mhola, mayu," nikamjibu kama mtu anavyomjibu mama. Nikavuta pumzi. Sikuongeza neno.

Jioni hiyo akapanda basi, na mimi nikabaki na ila yangu peke yangu. Wapo watu waliowahi kukaa na simba chumba kimoja, wanasimulia magazetini. Mimi nilikaa na neno moja, na sikuona tofauti. Nilifungua kijitabu nikaanza kusoma upya. Nzuri, ila nimeibiwa. Nzuri, ila niliteleza kwenye barafu, nikavunjika mguu. Nzuri, ila baiskeli ilinigonga. Kila ukurasa ulifaa. Halafu kuna yale ambayo kijitabu hakikuyaandika, kwa kuwa hayakuwahusu watalii. Nzuri, ila wamenipa kazi, nabaki. Nzuri, ila sirudi. Haya nilikuwa nikiyakuta asubuhi, nikipaka grisi kwenye mashine, mikono ikijua kazi na kichwa kikiwa hakipo. Msimamizi alinikuta napaka grisi kiti chake.

Nilijaribu telegramu. Nikaandika maneno mawili tu: ILA NINI. Karani wa telegramu aliyasoma, akanitazama, akaniuliza kama niko sawa. Siku kadhaa baadaye likaja jibu, nikalifungua papo hapo mlangoni mwa posta. SALAMA SALAMU KWA WOTE.

"Si unaona?" opereta akasema. "Mzima."

"Hiyo ni nusu yake. Hii ni nzuri. Ila yake iko wapi?"

"Labda alitaka kusema ila baridi."

"Ila ya baridi mtu haivutii pumzi vile."

Opereta akakuna sikio. Hata yeye alijua.

Kisha mvua zikashika, laini ikaanguka kabla ya kufika Mwanza, na simu ikawa haiwezekani. Nilikuwa napita posta kila nikitoka zamu, naye alikuwa akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza. Nyumbani majirani walikuwa na mawazo yao, wakinigawia ila zao kwa ukarimu, kila moja mbaya kuliko iliyotangulia. Nikaacha kukaa nao. Nilipendelea za kwangu.

Laini ilipopona nikamtumia telegramu ya kumwambia siku. Safari hii sikumpelekea taarifa mtu yeyote Bugarama. Nilikwenda peke yangu, nikiwa nimejipanga. Nilikuwa nimekariri: hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani, hakuna nzuri, wala mhola. Kijitabu kilikuwa na akili tangu mwanzo. Dharura ni dharura. Taja tatizo, taja mahali, taja jina. Mke wangu mwenyewe nilimfundisha kwa kandambili, angeelewa.

Opereta akaunganisha. Kukanguruma, kukapigwa mluzi, kukawa na mzungu mmoja akasema jambo, kisha:

"Haloo?"

"Ila nini?" nikapiga kelele.

"Baba watoto?"

"Ni mimi! Ila nini? Siku ile ulisema ila! Tatizo nini, uko wapi, sema, muda unakwenda!"

Waya ukanguruma tu. Nikadhani imekatika tena, nikamgeukia opereta, naye akatikisa kichwa: ipo. Nikabana simu sikioni mpaka ikaniuma, na ndipo nikasikia kwamba analia.

"Hata wewe," akasema.

"Hata mimi nini?"

"Hata wewe hunisalimii."

Mimi, ambaye kati ya Tabora na ziwa hapana wa kunisogelea kwa maneno, nilisimama ndani ya kibanda kile na mdomo wazi.

Akaanza kusema, haraka haraka, kama aliyeogopa panzi yule. Haumwi. Hajaibiwa, mfuko una pesa zote. Barabara anavuka vizuri. Watu ni wema, wanamwonyesha kazi, hawajamkosea kitu. "Ila tangu asubuhi mpaka jioni hakuna anayeniuliza nimeamkaje. Nikiwasalimia kwenye ngazi wanafikiri nataka kitu. Bibi mmoja nilimsimamia nikamwamkia vizuri kabisa, kwa magoti kidogo, akafungua mkoba akanipa sarafu." Akapenga kamasi. "Sarafu, baba watoto. Nilikuwa nimemwambia tu habari za asubuhi."

"Sasa siku ile ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema, ila mrudishe mama kwenye simu. Alikuwa amefika kwa mbuzi tu. Bado hajamaliza ukoo."

Nikamwuliza kwa nini hakuandika kwenye barua. Akasema angeandikaje, kwamba mtu mzima, muuguzi, amepelekwa Ulaya kwa gharama za watu, analia kwa kukosa salamu? Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba sanduku amelifunga. Jana alilifunga akalifungua, leo amelifunga tena, na kesho anakwenda kumwambia msimamizi wao kwamba anarudi nyumbani.

Nikawaza yale masanduku ya kioo yenye joto. Nikawaza wodi yake ya Shinyanga, na watoto wa kuzaliwa kabla ya siku zao waliokuwa wakifungwa pamba tuliyowapelekea sisi wa jineri, na jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani siku ambazo pamba haikutosha. Na nikawaza pia kwamba akirudi kesho mimi nitakuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Tanganyika na Zanzibar. Yote hayo kwa pamoja, na dakika inakwenda.

"Mwadila, mama watoto," nikasema.

Akaitikia: "Mwadila."

"Umeshindaje?"

"Nimeshinda mhola."

"Na bweni lote wameshindaje?"

Nikamsalimia. Nilimsalimia kwa niaba ya mwenye nyumba na ndoo yake, ya jineri, ya wodi ya wazazi kitanda kwa kitanda, ya dereva wa Landrova. Nilifika kwenye reli, nikamwambia reli haijambo. Alianza kucheka katikati, kamasi na kicheko pamoja. Nilikuwa bado sijafika sokoni wakati opereta aliponionyesha kidole, na safari hii, kabla ya kukata, aliingia kwenye laini yeye mwenyewe: "Dada, muda umekwisha. Shikamoo." Sikusikia kama aliitikiwa.

Sikujua sanduku limefungwa au limefunguliwa. Nililijua jambo moja, kwamba salamu zangu hazikutosha. Mwanamume hajui kusalimia ukoo wa mke wake. Hajui mguu wa shangazi umefikia wapi. Nikaandikisha simu nyingine, nikatuma telegramu ya haraka kwa pesa zangu za mwisho wa mwezi, nikamwomba angoje mpaka siku hiyo tu, kisha nikapanda lori la kwenda Bugarama.

Watoto wangu walinitazama kama mgeni, mdogo akajificha nyuma ya mtungi wa togwa. Nilisimama uani, mbali na mlango, nikatazama kuku.

"Habari za Shinyanga, baba?" mama mkwe akauliza kutoka ndani.

"Nzuri, mayu. Mhola." Nikavuta pumzi. "Ila mwanao anataka salamu."

Hakuuliza swali. Nilisikia kufuli la sanduku, na khanga ikikung'utwa. Tukaondoka, yeye mbele, mimi nyuma kwa ile heshima ya mita kumi, mpaka barabara kuu, watu wawili wenye kumkosa mtu mmoja, na hatukusemezana neno lolote njia nzima.

Siku ya simu akaingia kibandani. Nikakaa ukutani pangu. Alianzia alipoishia, kwa yule mbuzi mweusi, akapanda ukoo taratibu, tawi kwa tawi, na hakuruka mtu.

"Profesa," opereta akaninong'oneza, "dakika zenu zinaisha. Kohoa."

"Ziache."

"Hutamsikia hata sauti."

"Ziache, nimekwambia."

Kupitia kioo niliuona mgongo wake tu, na sauti yake ikipenya: mhola, mhola, mhola. Mara mbili alinyamaza akasikiliza, akacheka. Sauti ya upande wa pili haikunifikia, hata nilipofumba macho. Kisha akaitazama simu, akaiweka juu ya kibao kwa uangalifu, akafungua mlango.

Alisimama pale, akitazama sakafu kama inavyotakiwa, nami nikatazama sakafu yangu.

"Anasema nguo kazitundika," akasema. "Sanduku kalisukumia chini ya kitanda. Atamaliza masomo yao."

"Wabeja, mayu," nikamshukuru, nikasogea zaidi ukutani ili apate nafasi ya kupita.